Punda Aliyenyonya kwa Farasi

Kilosa
12 Machi 1968

Shemeji Lea,

Raheli amekufa. Jumapili alfajiri, hapa kambini. Tumemzika Jumatatu. Jua ni kali, mwili haungoji.

Alikuwa anajifungua. Mtoto ametoka mzima, wa kike. Damu haikukata. Joha mkunga alifanya alivyoweza. Gari la shamba lilikuwa limepeleka mkonge.

Mtoto hana wa kumnyonyesha. Joha anampa uji mwepesi, anatapika. Najua wako alikufa mwezi uliopita. Najua maziwa bado unayo. Si neno zuri kuandika, lakini ndilo nililonalo. Njoo na treni ya Alhamisi umchukue. Kama huji, nijulishe haraka.

Jina toeni nyie. Msimwite Raheli. Sitaweza kuita.

Barua nimeandika mwenyewe. Nilisoma mpaka la pili tu, kwetu Tukuyu, utavumilia mwandiko.

Kesho narudi kazini.

Lupakisyo


Mikumi
7 Aprili 1968

Shemeji Lupakisyo,

Salamu. Sisi wazima, na mtoto ni mzima. Mume wangu Simoni anakusalimu kutoka stesheni.

Siku ile nilipokuja hatukuongea. Ulinipa mtoto kama mtu anayekabidhi furushi kwa kondakta, ukageuka ukaenda kwenye banda la wanyama. Nililia kuanzia Kilosa mpaka Simoni aliponipokea. Marehemu alikuwa mdogo wangu wa pekee. Ungeweza hata kusimama mpaka treni iondoke.

Mwanzo mtoto alikataa ziwa. Siku ya pili nikatoa shuka la marehemu mwanangu, lile nililokuwa nimelificha chini ya sanduku, nikamfunga nalo. Sijui kama ni yeye aliyelihitaji au ni mimi. Akanyonya. Sasa ana mashavu.

Tumemwita Rutha.

Nina maswali mawili. La kwanza, watu wa kambi wameniambia ulirudi kazini siku ya tatu. Shemeji, hata mkonge hauna haraka hiyo. Ilikuwa nini? La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wewe ulikuwa naye. Mwisho alisema nini? Alinitaja?

Lea


Kilosa
21 Aprili 1968

Shemeji,

Alikutaja. Alisema mtoto apewe Lea. Ndivyo alivyosema.

Habari ya kazi. Mimi sikati mkonge siku hizi, niko banda la farasi. Shamba sasa ni la serikali, unajua. Mzungu alipoondoka aliacha farasi watatu. Wawili wamekufa kwa mbung'o. Amebaki jike mmoja, mrefu, anaitwa Tausi. Trekta zimesimama, hamna spea. Bwana Lukasi, meneja wetu, anataka nyumbu wa kuvuta mkokoteni. Siyo nyumbu wale wa mbugani kwenu. Huyu ni mtoto wa punda dume na farasi jike. Punda ana nguvu ndogo, farasi anauawa na mbung'o. Nyumbu anaweza yote mawili.

Lakini punda dume aliyekua na punda hamtaki farasi. Hata umpeleke vipi. Mzungu alinifundisha. Lazima umchukue siku anayozaliwa, anyonye kwa farasi, akue na farasi, asijue kama yeye ni punda. Ndipo akikomaa atamtaka farasi.

Basi wiki ile ile Tausi alizaa mtoto mfu. Nikaenda Msowero kwa Mmasai mmoja, Sempele, punda wake alikuwa amezaa dume. Nikambeba mabegani. Tausi alimpiga teke. Nikachuna ngozi ya yule mtoto wake mfu, nikamfunga nayo huyu wa punda. Tausi akanusa, bado anapiga. Baadaye akamlamba. Nikimwacha siku moja tu anakufa. Ndiyo sababu nilirudi.

Nimemwita Mgeni.

Habari ya shuka uliyoandika nimeisoma mara nne.

Lupakisyo


Mikumi
16 Novemba 1969

Shemeji Lupakisyo,

Salamu nyingi. Sukari na kitambaa tumepokea kwa mkono wa gadi wa treni. Kitambaa nimemshonea gauni, limebaki kipande nimemshonea na mdoli.

Rutha anatembea tangu zamani, sasa anakimbia. Juzi alimkimbiza kuku wa jirani mpaka kuku akaingia kwenye ofisi ya stesheni masta, naye akaingia nyuma yake. Simoni alisimamishwa akaulizwa kama stesheni imekuwa banda. Akajibu, "Bwana mkubwa, huyo ni abiria, hana tiketi tu." Walicheka wote.

Anakuuliza mara kwa mara. Anasema, "Baba wa Kilosa yuko wapi?" Namwambia yuko kazini.

Umeandika unataka kuja Krismasi. Usije mwaka huu. Simoni ana zamu, na nyumba ni chumba kimoja, tunafanya ukarabati. Pasaka pia naona haitafaa. Nitakujulisha.

Lea


Kilosa
28 Machi 1971

Shemeji,

Nimeingia darasa la watu wazima, jioni. Utaona mwandiko umenyooka kidogo.

Mgeni ametimiza miaka mitatu. Amekuwa dume. Anamfuata Tausi kila mahali, anamtaka kweli. Tatizo ni urefu. Tausi mrefu, yeye mfupi, hafiki. Alikuwa anaruka, anateleza, anaanguka kifudifudi. Watu wa kambi wanakuja kuangalia kama sinema.

Nikachimba shimo. Kina cha magoti yangu, mbele nimeweka mteremko ili farasi aingie na kutoka. Tausi anasimama chini, Mgeni anasimama juu kwenye ukingo. Nilipokuwa nachimba wakata mkonge wakapita. Mmoja akasema, "Lupakisyo, unamzika farasi wa serikali akiwa hai?" Mwingine akasema, "Mwache. Bwana harusi ni mfupi, wanamchimbia bibi harusi." Bwana Lukasi naye akacheka. Mimi nikachimba.

Siku mbili Mgeni alinusa tu. Siku ya tatu imekuwa. Tausi akishika mimba atazaa mwakani, mwezi kama huu.

Sasa habari niliyotaka kuandika. Nimepewa kiwanja kwenye kijiji kipya cha ujamaa, ng'ambo ya reli. Nimejenga. Vyumba viwili, bati. Kimoja cha Rutha. Kaka yangu ameandika kutoka Tukuyu, anauliza kwa nini mtoto wetu analelewa ukweni kama hana kwao. Kwetu mtoto ni wa baba.

Miaka mitatu nimemwona mara moja, amelala. Kila nikitaka kuja una ukarabati.

Nyumbu akizaliwa nitapewa likizo. Nakuja kumchukua. Andaa nguo zake.

Lupakisyo


Mikumi
11 Aprili 1971

Lupakisyo,

Kwenu mtoto ni wa baba. Sikatai, ni kwenu. Lakini ulioa Kilosa. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba wetu Yohana bado yu hai, na hakuna aliyemuuliza. Ulipokuja kuposa ulikaa kwenye mkeka wake ukaambiwa hayo, ukaitikia.

Na hata tuache mambo ya ukoo. Wewe mwenyewe uliniandikia kwamba Raheli alisema mtoto apewe Lea. Barua ninayo. Maneno ya mtu anayekufa hayarudishwi. Au si maneno yake?

Chumba umejenga, vizuri. Nani atamsuka nywele humo? Nani atajua kwamba akinyamaza sana ana homa?

Nguo zake ziko kabatini, na zitabaki kabatini.

Lea


Kilosa
5 Septemba 1971

Shemeji,

Sikujibu mapema. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mwandiko unaharibika.

Tausi ana mimba. Tumbo linaonekana.

Kuna jambo limetokea, naliandika kwa sababu hapa sina wa kumwambia. Sempele wa Msowero alikuja na punda zake majike sita. Alisikia Mgeni amekuwa dume zuri, kifua kipana kwa maziwa ya farasi. Akasema, "Nilikupa mtoto, sasa nipe mbegu." Ni haki yake. Nikafungua lango, wakaingia.

Mgeni alipowaona alisimama. Masikio juu. Nilidhani amefurahi. Yule jike wa mbele akamlilia. Mgeni akageuka akakimbia. Shemeji, alikimbia kama ameona simba. Akaenda kusimama nyuma ya Tausi, anatetemeka ngozi yote.

Sempele akanionyesha jike mmoja mzee, sikio limechanika. Akasema, "Yule ndiye mama yake." Yule mzee akaenda taratibu mpaka kwa Mgeni. Akamnusa shingoni. Nadhani alimjua, sijui, wanyama hawasemi. Mgeni akampiga teke la kifua.

Sempele hakukasirika. Alisimama kwenye fimbo yake, mguu mmoja, akasema, "Huyu umemharibu." Nikamwambia sijamharibu, amefanya kile nilichomlelea. Akasema, "Ndiyo hiyo hiyo." Akaswaga punda zake wakaondoka.

Nimelifikiri hili siku nyingi.

Lakini Krismasi nakuja. Si kuchukua. Kuona tu. Usiniandikie habari ya ukarabati.

Lupakisyo


Mikumi
2 Januari 1972

Shemeji Lupakisyo,

Hukuaga. Nilitoka jikoni na chai nikakuta kigoda kitupu pale mlangoni na kofia yako umeisahau. Simoni alikimbia mpaka stesheni akakuta treni imeondoka. Kofia ninayo.

Najua kilichokuondoa. Nilisikia kutoka jikoni. Ulikuwa umekaa mlangoni tangu asubuhi kama mtu aliyekuja kudai, umeshika ile pipi uliyomletea mpaka imeyeyuka mkononi. Nikasikia Rutha anamuuliza Simoni, "Baba, huyu mzee ataondoka saa ngapi?"

Hakuwa na ubaya. Alitaka kigoda chake, ndicho ulichokuwa umekalia.

Shemeji, sasa nitasema. Mimi ndiye niliyemfundisha kumwita Simoni baba. Simoni hakupenda. Aliniambia, "Lea, mwenyewe yuko hai." Zile barua nilizokuandikia kwamba anakuuliza, hakuwahi kukuuliza. Angemuulizaje mtu asiyejua kama yupo? Na ukarabati haukuwepo. Nilikuwa nakuweka mbali mpaka asahau kitu ambacho hata hakuwahi kukijua.

Ulipoandika habari ya yule punda mzee mwenye sikio lililochanika, niliifunga barua nikaiweka chini ya sanduku. Sikumsomea Simoni.

Kama utakuja kumchukua, sasa unayo sababu. Sina cha kujitetea zaidi ya kwamba nampenda.

Lea


Kilosa
12 Machi 1972

Shemeji Lea,

Nyumbu amezaliwa tarehe saba. Jike. Miguu mirefu ya Tausi, masikio ya Mgeni. Alisimama kabla jua halijatoka vizuri. Bwana Lukasi ameshika mkono wangu mbele ya watu. Amenipa likizo siku kumi na nne.

Siji kumchukua.

Nataka ujue sababu, usidhani nimechoka. Nilimtoa punda kwa mama yake, nikamfunga ngozi ya mtoto mwingine, nikamfanya farasi. Sasa siwezi kumrudisha Msowero nikamwambia wewe ni punda, hawa ndio ndugu zako. Atawapiga teke. Kosa si lake. Na Rutha nilikuita mimi uje umchukue. Hakuna aliyenilazimisha. Kaka yangu Tukuyu nimemwandikia. Atakasirika, basi.

La pili ni zito. Nimelibeba miaka minne, leo natua.

Uliuliza Raheli mwisho alisema nini. Sikuwepo.

Ile Jumamosi nilikuwa bandani. Punda nilikuwa nimemleta mchana wake. Tausi alikuwa anampiga. Jioni Joha akatuma mtu, akasema mke wako ameshikwa na uchungu. Nikasema nakuja. Nikafikiri mtoto wa kwanza huchelewa. Nikafikiri nikitoka, Tausi ataua mtoto wa punda. Nikakaa nimeshika kamba ya Tausi. Alfajiri punda akanyonya. Nilifurahi, shemeji. Nilitoka pale nafurahi, nikaenda nyumbani nikakuta wamemfunika.

Kwa hiyo sijui alisema nini. Yale maneno kwamba mtoto apewe Lea niliyatunga, uache kuuliza. Usiyashike. Mtoto unaye kwa sababu umemlea, si kwa uongo wangu.

Kofia kaa nayo.

Lupakisyo


Mikumi
26 Machi 1972

Shemeji Lupakisyo,

Nilijua.

Joha aliniambia siku ile ile nilipokuja kumchukua mtoto, tukiwa nyuma ya nyumba yake, yeye anafua vitambaa. Nilipokuuliza alisema nini, nilikuwa nakujaribu. Uliponidanganya nikasema vizuri, siku akija kumtaka mtoto nitamtolea hili mbele ya mjomba na mbele ya wazee wake kutoka Tukuyu. Nililitunza kama mtu anavyotunza panga. Miaka minne, shemeji. Nimekulisha Krismasi nikiwa nalo.

Sasa umelitoa mwenyewe, mimi sina tena la kushika. Na kuna kitu sikukupa. Joha alikuwepo, na Raheli alisema. Mtu wa pili alipotaka kutumwa bandani, kabla damu haijaanza kuzidi, Raheli alimzuia. Alisema, "Mwacheni Lupakisyo. Naye leo ni mkunga." Joha anasema alicheka. Wote waliokuwa mle ndani walicheka.

Sikusema kwa sababu sikutaka uwe nacho. Sasa chukua, ni chako.

Hakunitaja. Nimeshakubali.

Jumamosi ijayo nakuja na treni, na Rutha. Nimemwambia ana baba wawili, mmoja wa Mikumi na mmoja wa Kilosa mwenye farasi. Ameuliza farasi ni wa rangi gani. Tutakaa siku nane halafu tutarudi wote wawili. Andaa kile chumba. Kitana naleta mwenyewe.

Lea


Kilosa
9 Aprili 1972

Shemeji Lea,

Mmefika salama, gadi ameniambia. Nyumba imekuwa kubwa tangu mmeondoka.

Kuna mambo hukuyasikia, nakuandikia.

Siku ya tatu ulipokwenda kaburini na Joha, Rutha alibaki na mimi bandani. Alikaa juu ya debe anamwangalia yule nyumbu mdogo ananyonya. Akauliza, "Mama yake ndiyo huyu mrefu?" Nikasema ndiyo. Akauliza, "Na baba yake?" Nikamwonyesha Mgeni, yuko ng'ambo ya uzio, anakula. Akamwangalia sana. Akasema, "Mbona anakaa mbali?" Nikasema nimemtenga mimi, dume linaweza kuumiza kichanga. Akasema, "Ataumiza?" Nikasema sijui, sijamjaribu. Akasema, "Basi mlete taratibu. Mshike kamba."

Nikamshika kamba, nikamleta taratibu. Tausi akalaza masikio, mimi nikasimama katikati. Mgeni akanyoosha shingo akamnusa mtoto mgongoni. Yule mtoto akaacha kunyonya, akamnusa naye puani. Hakuna aliyepiga teke. Rutha akasema, "Umeona?" kama yeye ndiye mwenye banda.

Kuanzia siku hiyo namruhusu Mgeni kila asubuhi, kwa kamba, mpaka mtoto akue.

Jambo la pili ni stesheni. Ulipokuwa unanunua machungwa dirishani, aliniuliza, "Wewe ndiye baba yangu wa Kilosa?" Nikasema ndiyo. Akafikiri. Akasema, "Basi ukija nyumbani usikae mlangoni. Mlangoni kuna kigoda changu."

Treni ilipoondoka nilisimama mpaka ikaisha. Uliniambia hilo zamani.

Nilipita kwa Raheli nikiwa narudi. Nilimwambia ule mzaha wake umenifikia.

Nimemwomba Bwana Lukasi Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, amekubali. Nitakuja na treni ya asubuhi. Nitakaa ndani. Kofia nitavaa nikifika.

Likizo imekwisha. Kesho narudi kazini.

Lupakisyo